Mjomba, Masikio Yako ni Mazima

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta salama huko Tunduru, wewe na mwanao, dada Stella, na wajukuu. Sisi huku Songea tupo. Mahindi ya Maposeni yameanza kukauka shambani, na nyumba yako naipitia kila Jumamosi. Paa halivuji.

Hupendi barua inayozunguka, kwa hiyo natanguliza la muhimu, ili hata ukiichana katikati uwe umelipata. Masikio yako ni mazima. Yalikuwa mazima siku ile nilipokwambia yamechoka, na wakati nakwambia hivyo nilikuwa nafahamu kabisa kwamba ni mazima. Yanayofuata ni maelezo tu. Nimeyaandika mara nne, na mara zote nimekunja karatasi na kuitupa. Kumbe kuna aibu ya kuonwa na watu, na kuna aibu ya kujiona mwenyewe, na hii ya pili haina pa kuikimbilia.

Nakala ya barua hii nimempa katibu wa kwaya aisome siku ya mazoezi. Wewe uliiacha kwaya mbele ya watu, ukataja sababu mbele ya watu. Haifai mimi nitubu pembeni kwa kunong'ona.

Unakumbuka siku ulipoleta zile kanda? Ulitoka Maposeni na bodaboda mpaka kibandani kwangu Bombambili, umepakata boksi la sabuni kama mtu aliyebeba mayai, na njia nzima ulikuwa unamgombeza dereva kwa kila shimo. Ndani mlikuwa na kaseti ulizorekodi kwa mkono wako tangu kigango chetu kilipokuwa kinasali kwenye darasa la shule. Kwaya, ngoma, kayamba, na juu ya wote sauti ya mama yangu, dada yako, akianzisha ubeti. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake, baada ya misa, ulikuwa unaweka redio yako dirishani tunamsikiliza huku watu wanakunywa togwa. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba kanda nayo inazeeka. Wewe ulifikiri.

Kazi yangu ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wangu walitaka nyimbo nyingi kwenye nafasi ndogo, na ufundi wangu wote ulikuwa kubana. Ukaniuliza hiyo kubana maana yake nini. Nikakueleza, tena kwa maringo, kwamba MP3 inatupa vile vipande vya sauti ambavyo sikio halivihitaji, ndiyo maana faili linakuwa dogo.

"Sikio la nani hilo lisilovihitaji?" ukauliza. "Aliulizwa nani?"

Ndipo nikakutajia FLAC, faili kubwa kubwa linalohifadhi sauti yote kama ilivyoingia, bila kutupa kitu. Ukasema, "Basi hiyo. Ya dada yangu isitupwe hata chembe." Tulirekodi wiki nzima, waya kutoka kwenye redio yako kwenda kwenye kompyuta yangu, maana kanda haina haraka, inacheza mpaka iishe. Ulikaa kwenye stuli umenyooka, huongei, na wala hukuniruhusu niongee. Wateja wakaambiwa wangoje wimbo uishe. Kanda mbili zilikatikia palepale kwenye mashine. Nyingine zote zilikuwa zimeota ukungu, na baada ya hapo hazikucheza tena. Tulipata nyimbo sitini na moja.

Kompyuta yako ya mezani, ile uliyopewa shuleni walipoleta mpya, ilizigomea FLAC. Nikakutafutia programu mtandaoni, ndogo, isiyo ya kampuni yoyote. Ilikuwa imetengenezwa na jamaa mmoja tu huko Ulaya, anaitoa bure, haina tangazo hata moja, na kazi yake ni kupiga muziki basi. Nilipokueleza kwamba mtu huyo anafanya kwa kujitolea, akitoka kazini kwake, ulitikisa kichwa ukasema, "Kumbe na huko wapo watu wa kigango." Tangu siku hiyo ukawa unamwita Mwanakigango.

Ukaanza kumwandikia. Mimi nachapa, wewe unatamka, Kiingereza chako cha ualimu kimepigwa pasi. Ulimlalamikia kwamba programu inaweka kimya kati ya wimbo na wimbo, ilhali kuna wimbo wetu mmoja uliovuka kutoka upande wa kwanza wa kanda kwenda wa pili, na haipendezi kwaya ikate pumzi pale. Wiki tatu baadaye jamaa akajibu kwamba amesharekebisha. Mjomba, ulitangaza jambo lile kigangoni kama tangazo la ndoa! Wazee wa kanisa walielewa kidogo sana, ila walipiga makofi.

Kisha akakuomba umtafsirie programu kwa Kiswahili. Hizo ndizo Alhamisi nilizozipenda kuliko siku zote za maisha yangu ya kibandani. Mimi nilitaka kitufe cha kwanza kiitwe "Cheza", kama inavyoandikwa kwenye simu. Ukakataa. "Wimbo hauchezi," ulisema. "Anayecheza ni anayeusikiliza." Tukabishana mpaka muuza maandazi wa jirani akaja kuamua, na tukakubaliana "Piga". Kusimamisha kwa muda ukaita "Pumzika". Lakini lile neno la kuonyesha kwamba faili halikupoteza kitu lilikutesa wiki mbili. Ulijaribu "kamili", ukaifuta. "Nzima", ukaifuta. Alhamisi ya tatu ulifika huku unacheka, hata salamu hukungoja: "Isiyopungua! Andika hapo, sauti isiyopungua." Nikaandika. Kuanzia hapo kila wimbo wa mama ulipopigwa, chini ya jina lake palitokea neno hilo, neno lako.

Nakala moja ya nyimbo ukaniachia mimi. Ulinikumbusha wazee walivyofanya na mbegu ya mahindi: nusu inakaa ghalani kwako, nusu kwa ndugu wa mbali, kwa sababu moto hauunguzi maghala mawili siku moja. Na aliyewekewa haigusi, hata watoto wake wakilala na njaa. Mimi nilicheka, nikakwambia kompyuta haina panya. Bibi alishatusimulia habari za yule bwana aliyesaga mbegu ya shemeji yake mwaka wa njaa, akazeeka na kufa watu wakiendelea kumwita Mla Mbegu, na wajukuu zake wakawa wanaulizwa kama ni wa ukoo ule.

Mimi sikuwa na njaa, Mjomba. Nilikuwa na video ya harusi. Bwana harusi amekaa mlangoni anatingisha mguu, kompyuta inaniambia diski imejaa, na ilikuwa mchana kweupe, kwa hiyo sina hata kisingizio cha usingizi. Nikatazama kitu gani kinakula nafasi. Folda yako. Nikazibana nyimbo zote sitini na moja ziwe MP3, tena zile ndogo kabisa ninazowawekea watu kwenye simu za tochi, kisha nikafuta zile kubwa. Nilijiambia wewe unazo kwako, nitakuja kuzinakili tena. Nilijiambia pia kwamba hakuna atakayesikia tofauti. Bwana harusi akaondoka na video yake ameridhika, na mimi nikasahau.

Halafu masika yale radi ikapiga Maposeni. Iliua mbuzi wa jirani yako na ikaunguza kompyuta yako, diski na vyote. Ulikuja kibandani kesho yake umevaa koti la kanisani, na ulikuwa unacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ulikuwa unacheka. "Sasa, mpwa wangu, nani alisema kompyuta haina panya? Nipe mbegu yangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ulikuwa umesimama mbele yangu, kibandani hapakuwa na mtu mwingine, na maneno yenyewe yalikuwa machache: Mjomba, nilizifuta. Badala yake nikasema, "Zipo, Mjomba. Nitakuletea Jumamosi."

Watu wa kazi yangu wanajua ujanja mmoja ambao wengine hawaujui. Ukichukua MP3 na kuiamuru kompyuta iigeuze kuwa FLAC, inakubali. Faili linanenepa, jina linabadilika, na programu inalisoma kama FLAC halali. Lakini kilichotupwa hakirudi. Ni sawa na kusaga mbegu, kisha ukafinyanga unga uwe mfano wa punje. Nilifanya hivyo kwa nyimbo zote, na hata kikombe changu cha chai kilikuwa hakijapoa.

Jumamosi nikaja na kompyuta nyingine niliyokutafutia, nikaweka programu yako, nikaweka nyimbo. Ukavuta kiti. Ukachagua ule wimbo wa mama wa siku ya Pasaka, ukabonyeza "Piga", na ukainua kidole, kama ulivyokuwa unakiinua siku zote pale kabla ya ubeti wa pili, kwa sababu hapo mama anavuta pumzi na wewe ulipenda kuipokea kwa kidole. Kidole kikabaki juu. Ubeti ukaanza bila pumzi. Ukarudisha nyuma. Ukasikiliza tena. Ukarudisha mara ya tatu.

"Mbona mama yako hapumui?"

Nilisema labda ni spika. Ukaenda kuazima za kanisa, ukazileta kwenye toroli, tukaziunga. "Na kayamba," ukasema, "mbona limelowa? Kayamba hili nililitengeneza mimi, lilikuwa kavu." Nikasema labda ni waya. Tukabadilisha waya. Nilikuwa nimebanwa ukutani, na mwongo aliyebanwa hushika kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ulikuwa wewe.

"Mjomba, tusidanganyane," nilisema. Nilisema hivyo hasa, tusidanganyane! "Umri umekwenda. Masikio nayo yanachoka. Mimi nasikia kila kitu, pumzi ile pale."

Ukageukia kioo cha kompyuta, na pale chini ya jina la mama pameandikwa kwa Kiswahili chako mwenyewe: Sauti isiyopungua. Ukasoma polepole kwa sauti, kama mtoto anayejifunza. Ukashika sikio lako la kulia, ukalisugua. "Basi ni mimi," ukasema. Ukainuka kwenda kunitengea chakula, na nilikula, Mjomba. Ugali wako na mboga yako, nilimaliza sahani.

Wiki chache baadaye, siku ya mazoezi, ulisimama mbele ya kwaya ukiwa na daftari la nota. Mimi nilikuwa nimekaa mahali pangu kwenye besi. Ulisema mwalimu wa kwaya asiyesikia ni sawa na dereva asiyeona, na hutaki kuwaangusha watu wa Mungu shimoni. Ulimkabidhi daftari yule kijana wa kinanda. Akina mama wa soprano walilia. Ningeweza kusimama hata wakati ule. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na nakumbuka nilijitahidi nisipige kwa nguvu sana.

Baada ya mavuno dada Stella akaja kukuchukua. Ulipokuwa unapanda basi uliniambia nikutunzie nyumba, na ukanishukuru kwa kukwambia ukweli kuhusu masikio, kwa kuwa wengine, ulisema, wangekuonea haya. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka Tunduru.

Mwezi uliopita dada Stella alinipigia simu. Ameshakupeleka hospitali, na daktari amekupima na kusema kwa umri wako una masikio ya kumshinda hata yeye. Lakini hukumwamini. Alinieleza ulivyomjibu: "Daktari anapima mlio wa mashine. Hapimi sauti ya dada yangu." Akasema kanisani unakaa benchi la mwisho na huimbi hata Baba Yetu. Juzijuzi kwaya ya huko ilipotoka kwenye sauti, alikuona umekunja uso, kisha ukashika sikio, ukainamisha kichwa. Anasema nyumbani siku hizi unaongea kidogo, unajibu kwa kichwa, kwa sababu unaogopa kujibu usichoulizwa.

"Wewe ndiye fundi," akaniambia. "Wewe anakuamini. Mwambie basi."

Nilimwahidi. Nikakupigia siku hiyohiyo, na ulipopokea nikakusalimu, ukaniuliza mahindi, nikakuuliza korosho. Uliniomba nirudie maneno mara mbili, na mimi nilijua kabisa simu inasikika vizuri. Ulikuwa hujiamini tu. Nikakata nikasema mtandao unasumbua. Hata huo ulikuwa uongo.

Nimewazungukia wanakwaya wote wa zamani, hata wale waliohamia mjini, kuuliza kama kuna mwenye kanda yoyote ya enzi zile. Hakuna. Sitakudanganya kwa kukupa tumaini ambalo sina. Pumzi ya mama haipo tena mahali popote duniani, na aliyeifuta ni mwanawe. Nimelia kwa ajili hiyo, lakini nalia nikijua kwamba sikustahili kutangulia kulia kabla yako. Zile FLAC za bandia nimezifuta kwenye kompyuta yako, na MP3 nimeziita MP3. Programu ikizipiga inaandika chini yake kwamba zimepungua. Sasa angalau inasema kweli.

Wakati mwingine nawaza jinsi ulivyokuwa peke yako chumbani mle. Kompyuta inasema isiyopungua, mpwa fundi anasema anasikia pumzi, na wewe una masikio yako mawili tu. Waongo wawili walikuwa wanashindana na mtu mmoja mkweli, na mkweli akaomba radhi. Nilimfanyia hivyo mtu aliyenilea nilipofiwa, aliyenisomesha mpaka nikajua hiyo kompyuta. Sijui neno la Kiswahili linaloweza kuutafsiri uovu huo, na wewe uliyezoea kutafuta maneno wiki mbili usilitafute.

Msamaha siuombi kwenye karatasi. Jumatatu baada ya Jumapili hii nitapanda basi nije niombe mbele yako, nikiwa nimepiga magoti kama inavyotakiwa. Ukitaka nirudi na basi hilohilo, nitarudi. Wanakwaya wakishaisikia barua hii sijui kama wataniacha nikae tena kwenye besi. Hilo ni lao kuamua.

Lakini kabla sijafika kuna Jumapili moja hapo katikati, nami sitaki ipotee. Nakuomba, Mjomba, ondoka kwenye benchi la mwisho ukae mahali ambapo sauti inakufikia. Na soprano wa huko wakishuka, nawe ukasikia wameshuka, usishike sikio. Wameshuka kweli.

Mimi mpwa wako,
mtoto wa dada yako.